Sisi Nne za Mama Mdogo Siulagi

Jumatatu, 9 Julai 2018

Imethibitishwa. Jumamosi ya tarehe 21 ukoo wa mama unakutana. Binamu yangu Pelenato anataka kuwakodishia wenye hoteli kipande chetu cha pwani – miaka sitini! Kaburi la mama liko pale pale. Wameahidi kulizungushia maua. Maua! Nitasimama nimchambue kama karanga. Huko Wellington nimewatoa jasho mawaziri watatu gazetini, sembuse yeye, muuza magari chakavu.

Kikwazo ni Kisamoa changu. Nilizaliwa ng'ambo, nina miaka miwili tangu nirudi huku kwao mama, na bado nasema kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mama Mdogo Siulagi amekubali kunifundisha. Tutaanza na "sisi", anasema. Nikamwambia hiyo naijua. Akacheka peke yake.

Jumatano, 11 Julai

Ziko nne! Mimi na wewe tu – tāua. Mimi na mwenzangu, wewe uko nje – māua. Wengi, nawe umo – tātou. Wengi, nawe uko nje – mātou. Nilipiga sakafu kwa furaha. Waziri akisema "sisi tutafunga mikanda", papo hapo unajua kama kiuno chake kimo! Kiingereza kimetawala dunia kwa "sisi" moja yenye mlango wa nyuma. Nilimweleza Mama Mdogo haya kwa robo saa nzima.

"Umemaliza?" akauliza.

Akanipa nazi kumi na tano nikune. Nilikuna tatu. Nina mambo ya kusoma.

Ijumaa, 13 Julai

Aibu. Kwenye sala ya jioni Mjomba Aperamo, mkuu wa ukoo, alinipa zamu ya kuomba. Niliomba kwa moto. Utusamehe dhambi zetu – na nikatumia tātou, ile pana, ya wote. Nilidhani ndiyo yenye upendo. Mabega ya watu yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mama Mdogo alivumilia mpaka amina.

"Mwanangu, umemtia Mungu humo humo. Sasa naye ameiba kuku pamoja nasi."

Pelenato alicheka mpaka akapaliwa. Cheka, bwana. Cheka.

Jumapili, 15 Julai

Nimejiharibia.

Baada ya chakula cha mchana wakubwa walibaki kwa Mjomba kuandaa kikao. Nami nikaingia. Mgongo uliniuma, nikaegemea nguzo ya mbele, ile ya katikati. Hata vipepeo vya mkono vilisimama. Nikadhani wanangoja hoja – nikaitoa! Dakika kumi, ukoloni wa mahoteli. Nikainuka kabisa, kidole hewani, wazee wamekaa mikekani wamekunja miguu. Ndipo nikamwona mzee msemaji wa ukoo amesimama ukingoni mwa nyumba na fimbo yake, hana pa kukaa. Nguzo ilikuwa yake. Na ya babu yake.

Mama Mdogo alinivuta shati mpaka nje. Nikajitetea: sikukosea "sisi" hata moja!

"Hukukosea. Ila ukiitamka, kila mtu anajiuliza huyu amembebea nani sahani. Miaka miwili unakula, unanawa, unatoa maoni. Hapa asiyetumikia wenzake hasemi."

Yaani mimi ni mdoezi. Na Mjomba ameshapitisha: Jumamosi sina nafasi ya kusema.

Pwani itakwenda. Mama pamoja nayo.

Jumatatu, 16 Julai

Nimehamia jikoni. Hasira tupu.

Alhamisi, 19 Julai

Vidole viwili vimeungua. Semisi, anayesimamia tanuri la mawe, ni nusu ya umri wangu na hana huruma.

"Mzee wa magazeti, jiwe halibishani! Shika koleo."

Miaka thelathini naandika kuhusu wavuja jasho, na sikujua kulikunja jani la gimbi lenye tui ndani, lisivuje. Saba yalivuja. La nane likakaa. Sijawahi kujivunia makala namna ile!

Mchana nilimpelekea Mjomba sahani, nimeinama, naomba radhi kwa kila ninayempita. Aliipokea bila kunitazama. Tulikula mwisho – mimi, Semisi na mbwa.

Jumamosi, 21 Julai

Naandika jikoni, majivu hadi kwenye nyusi. Wamo kikaoni tangu asubuhi. Kuta hakuna, nasikia kila kitu. Pelenato ametaja manufaa yetu sote, barabara yetu sote, ajira zetu sote. Niliuma mpini wa koleo. Wakasimamisha mazungumzo ili wapate chakula. Niliwapakulia nguruwe, mashelisheli, na majani yangu ya gimbi – hata moja halikuvuja. Nilimnawisha Pelenato mikono. Nilimnawisha! Sikusema neno. Mwenyewe siamini.

Wakishakula wanaamua.

Mama Mdogo amekuja mbio. Mjomba ameuliza nani aliyefunga yale majani. Akamwambia ni mimi. Mjomba akatafuna kwanza, akameza, kisha akasema nivae shati nije.

"Nikae wapi?" nimeuliza.

"Utakapooneshwa. Na usithubutu kuchagua!"

Shati langu limeloa tui. Semisi amenivisha lake; halifungi tumboni. Vijana wa jikoni hawana mbavu. Semisi hacheki. Bibi yake naye amezikwa pwani ile.

Kelele huko ndani. Pelenato anapinga: huyu ni mgeni, kazaliwa ng'ambo, atatusemeaje? Sasa Mjomba, polepole, kama anayetoa mwiba wa samaki mdomoni:

"Mgeni haoshi vyungu vyetu."

Nasikia mikeka ikivutwa, watu wanasogea kunipa nafasi. Mama Mdogo amenisimamia kichwani: kalamu chini, mwanangu, unangojewa, na ukiinuka kusema nitakuvunja miguu mwenye–