Umewahi Kumwona Mama Amelala?

Mjini, tarehe 9 Tikimt

Mdogo wangu Tiruye,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, baba kifua kimempoa, na mama hajambo. Mimi mzima wa mwili, ila nimechoka. Si masomo, masomo nayaweza. Nimechoka kukaa na mdomo umefungwa kutwa nzima.

Hapa kwa Etiye Zenebech, mwenye nyumba wangu, wanaamini baba yetu ni karani wa kanisa. Usicheke. Nikisema kweli, kwamba baba ni mhunzi na mama ni mfinyanzi, nitalala nje siku hiyo hiyo, maana huku nako wanaamini watu wa kazi hizo usiku hugeuka fisi. Juzi kwenye kahawa jirani mmoja alisimulia eti kuna fisi aliuawa ng'ambo ya mto, wakamkuta na hereni sikioni. "Mke wa mhunzi huyo," Etiye akasema, kama anataja bei ya vitunguu. Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia, Tiruye. Ningefanyaje?

Sasa nikuulize kitu, na usimwambie mtu. Umewahi kumwona mama amelala? Mimi miaka yangu yote kumi na saba sijamwona. Tukilala yuko macho, tukiamka yuko macho. Anashika makaa kwa vidole. Akicheka, mbwa wa kijiji kizima wanabweka. Na ile ya kuniita sokoni, "Siniye! Siniye!" kama soko linaungua! Mtu mzima mimi naitwa kikombe changu kidogo cha kahawa mbele ya wavulana. Mama za wenzangu hawako hivyo. Baba naye anakula amesimama na anaongea na nyundo. Zamani niliona aibu tu. Sasa naogopa.

Mwangalie kwa niaba yangu. Na umwambie asije huku kuuza mabirika yake ya udongo. Tafadhali.

Dada yako,
Fentaye


Nyumbani, tarehe 3 Hidar

Dada Fentaye,

Shikamoo, na pole na masomo. Sisi hatujambo, ila baba bado anakohoa. Barua yako ilifika imekunjamana, nadhani kondakta aliikalia.

Kwanza asante kwa kuniachia udongo wote niubebe peke yangu. Wewe unaogopa fisi, mimi naogopa mgongo wangu kukatika.

Nimemwangalia mama kama ulivyoagiza. Mara ya kwanza nilijifanya nimelala, nikalala kweli. Mara ya pili nikajikaza, nikamwona ameketi kando ya baba anamsugua kifua kwa siagi. Akaniona. "We mtoto, unanikodolea macho una nini? Nimeota mapembe?" Kabla hakujapambazuka akatoka, nikamfuata kwa mbali, nikasema leo ndiyo leo. Dada, alikwenda kuchimba udongo. Basi. Akarudi na mzigo kichwani, anaimba vibaya.

Lakini umenitia wasiwasi, na sikusamehi. Juzi tunakula, nikamtazama anavyotafuna mfupa, nikashindwa kumeza. Mama yangu mwenyewe! Akanikunjia tonge la injera anilishe mdomoni kama kawaida yake, nikageuza uso. Akalila mwenyewe. Tangu siku hiyo hajanilisha tena.

Na kuna kitu hukukifikiria, pamoja na usomi wako wote. Kama hao ni fisi, sisi wawili ni nini?

Nilimwambia asije mjini. Kasema atakuja. Mabirika yamejaa ndani hadi hatuna pa kukanyaga, na amekukumbuka. "Sitamwaibisha," kasema. "Nitapita tu nimwone amenenepa au amekonda."

Mdogo wako,
Tiruye


Mjini, tarehe 14 Tahsas

Tiruye,

Salamu. Nakula, nalala, sijambo. Ya afya yameishia hapo.

Mama alikuja. Tulikuwa kwenye kahawa nikasikia barabarani, "Mabirika! Mabirika mazuri!" Nikaomba apite tu. Na aliyemwita ni Etiye mwenyewe, maana birika lake lilikuwa limepasuka. Kwanza akachuma majani ya ule mmea wa tena-adam unaonuka vikali pale mlangoni, yale yale ambayo wanunuzi huyaweka mfukoni wakija kwetu, eti fisi hawezi kuyavumilia. Akayashikilia puani muda wote. Akachagua birika, pesa akaiweka chini ili wasigusane mikono. Mama akainama akaokota. Halafu akaomba maji ya kunywa.

"Fentaye, mpe kwenye lile kopo la kuku," Etiye akasema. "Akimaliza, litupe."

Nikampelekea. Tulisimama karibu kama tunavyosimama jikoni kwetu. Nilijua ataniita Siniye, na nilishajiandaa kufa. Tiruye, alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Akanywa maji yote, akanirudishia kopo, akasema, "Mungu akuzidishie, mtoto wa watu." Akajitwika mzigo wake akaenda. Hakugeuka nyuma.

Mama gani ana moyo huo? Hata kope haikutikisika. Mwenye damu mwilini asingeweza. Nililia chooni mpaka kichwa kikaniuma, na sijui nililia nini, kwa sababu alifanya hasa kile nilichokuwa naomba.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea majani ya mlangoni kwa Etiye. Yatie kwenye kahawa ya mama. Wanasema asiye mtu hupiga kelele na kuyatema. Nataka kujua tu. Nimechoka kutojua.

Fentaye


Nyumbani, tarehe 20 Tir

Dada,

Shikamoo. Safari hii mwishoni hukuandika "dada yako". Nimeona.

Majani nilikaa nayo chini ya mkeka siku nyingi. Sikutaka. Mama tangu arudi kutoka mjini alikuwa haimbi, na mimi nilikuwa na hasira na wewe, na yeye, na fisi wote duniani. Jana nikasema potelea mbali. Nikakaanga kahawa, nikachemsha, nikatia majani yote kwenye kikombe chake.

Akasogeza kikombe puani, akatulia. Sijui kwa nini nilidhani hatayajua. Watu wamemjia nayo mfukoni maisha yake yote.

"Haya hayaoti huku kwetu," akasema. "Haya yanaota mlangoni kwa yule mama wa mjini."

Baba akaweka sahani yake, akakaa chini. Baba, kukaa chini!

Mama akanywa yote, akanipa kikombe. "Ongeza." Nikaongeza. Akanywa. "Ongeza, si raundi ni tatu?" Akanywa na ya tatu. Hakupiga kelele, hakutema. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Haya, nimefaulu?"

Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia yote, na barua zako nikamsomea. Nikamwuliza alipata wapi moyo ule wa kukutazama vile. Akasema, "Kopo lilikuwa linatikisika mkononi mwake. Nikaona nikimtazama usoni atalia, na akilia wamemjua, na wakimjua shule imekwisha. Kwa hiyo nikatazama kitufe cha gauni lake. Kitufe cha pili kimelegea, mwambie akishone." Kisha akasema njiani alijikwaa akavunja mabirika matatu, maana barabara alikuwa haioni. Akacheka kidogo. Mbwa hawakubweka.

Halafu akajinyoosha pale pale mkekani, mchana kweupe, akalala. Nimemwona, dada, mwenzio nimemwona. Anakoroma mdomo wazi, na jino moja la nyuma ni bovu. Nikakaa namfukuzia nzi mpaka jioni. Alipoamka nikamwomba anilishe tonge. Alilikunja kubwa kwa makusudi, nusura linikabe.

Mdogo wako,
Tiruye


Mjini, tarehe 6 Megabit

Mdogo wangu Tiruye, na mama, na baba,

Salamu kwenu nyote. Nisameheni kuchelewa kujibu. Tiruye, soma hii kwa sauti, mama asikie.

Kitufe kilikuwa kimelegea kweli. Nimekishona.

Jumapili nilikuwa nawamiminia majirani kahawa kwa lile birika la mama. Wakalisifu, halivuji, halimwagi hata tone, nani kalifinyanga? Etiye akasema, "Fisi mmoja tu alipita hapa." Wakacheka. Nilikuwa nimelishika, na moto wake uko kwenye vidole vyangu. Nikasema, "Ni mama yangu." Wakadhani natania. Nikasema tena.

Walikuwa raundi ya tatu. Waliweka vikombe chini mmoja mmoja. Etiye hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu, "Umekula na wanangu." Akanitolea vitu vyangu barabarani. Kikombe changu akakivunja, lakini birika akaogopa hata kuligusa, akaniambia niondoke nalo. Ninalo hapa.

Shule sijui. Mwalimu mmoja kasema atanitafutia pa kukaa baada ya sikukuu ya Fasika. Huenda kweli, huenda ni maneno. Nauli yangu itatimia Alhamisi. Mpaka hapo naosha vikombe kwa mama muuza chai wa kituoni, na amenikaribisha nilale chumbani kwake. Hakuniuliza mama yangu ni nani. Nimemwambia mwenyewe.

Mama, Alhamisi njoo unipokee nikishuka. Najua ni siku ya soko, watu watajaa. Usitazame kitufe. Niite kwa lile jina, kwa sauti ile ile yako.

Mwanao,
Siniye