Muziki Bila Kelele

Jumanne jioni

Na bado sijui kama nicheke au nilie. Leo mkaguzi alikuja kuona Darasa la Tatu likijifunza muziki kwa tableti. Watoto walivaa vipokea sauti masikioni, kila mmoja akigonga ngoma kwenye kioo. Darasa lilikuwa kimya kuliko kanisa.

"Hongera, mwalimu! Muziki bila kelele!" mkaguzi akasema.

Kisha chaji ikaisha. Mwanafunzi mmoja, Nekesa, akavua vyake, akaanza kupiga mdundo wa isukuti, ngoma ya Waluhya, kwenye dawati. Wenzake wakaitikia, mabega yakatikisika. Nami nikacheza, nikasahau kwamba kandarasi yangu inaisha muhula huu. Naogopa.

Mkaguzi alinivuta kando, amekunja uso.

"Tia hizo tableti chaji haraka, mwalimu. Watoto wameanza kuimba."