Mstari Uliouacha Ndani ya Kihariri

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Nakuandikia huko Salamabila ingawa najua hutajibu. Ndoa yako ilitangazwa juzi kwenye redio yetu hapa Kasongo, na tangazo niliandika mimi. Sikuandikii ili urudi. Nakuandikia kwa sababu hapa sina mtu atakayeelewa kilichoniuma zaidi.

Unaikumbuka ile kompyuta ya mtumba, haina kipanya wala haraka? Kila mtu alisema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wewe ukacheka, ukaweka kihariri chako cha maandishi matupu: kioo cheusi, hakuna picha wala vitufe, kila kitu ni amri za vidole. Nilikuambia kinafanana na ukuta wa jikoni.

"Mupenzi, usitafute suri," ulisema; kwako kipanya kilikuwa suri, na kibodi klavie. "Mikono ibaki kwa klavie. Ukienda kutafuta suri, mawazo inakimbia."

Basi tukafanya kazi hivyo, watu wawili kwa klavie moja. Mmoja anaandika programu, mwingine anasoma kwa sauti kila mabano na kila nukta, kama watu wanaosali litania. Majirani walidhani tunagombana. Hivyo ndivyo tulivyoitengeneza programu ya matangazo ya redio, ile inayopanga vifo kwanza, kisha ndoa, kisha mbuzi waliopotea. Kuhusu mbuzi tulibishana kweli. Ulitaka wazitangulie ndoa, eti arusi inaweza kungoja lakini mbuzi ataliwa.

Adui yetu alikuwa betri. Siku moja wingu lilifunika jua, paneli ya juu ya paa ikakosa nguvu, kompyuta ikazimika, na kazi yangu ya mchana mzima ikaenda na maji. Nililia. Hukunifokea. Ulifungua faili la mipangilio ya kihariri, ukaongeza mstari mmoja, ukanisogezea klavie.

"Andika kitu, kisha ukichunge."

Nikaandika, nikahifadhi, na chini ya kioo yakatokea maneno: *Nimeichunga, mupenzi.* Tangu hapo nikawa nahifadhi kila baada ya sentensi, na haikuwa kwa ajili ya betri tu.

Kisha ukapanda pikipiki kwenda huko Salamabila kutengeneza simu za wachimbaji wa dhahabu. "Ni miezi kidogo tu," ulisema. Simu zako zikaanza kupungua, nami nikawa wakili wako: mtandao ni mbaya, barabara ya Kabambare imekatika, mtu anachoka. Mama yangu aliacha hata kuuliza. Lakini mimi nilikuwa naketi kwenye kile kihariri kila siku, na kiliniita mupenzi mara nyingi kuliko mume yeyote wa mtaa huu anavyomwita mkewe. Ningejuaje kwamba nimeachwa, nami naitwa hivyo asubuhi mpaka jioni?

Juzi ujumbe wa familia ya bibi arusi ukaingia kwenye simu ya redio, wanawajulisha ndugu wote wa Kasongo na Kabambare. Mama Feza, anayesoma matangazo, aliliona jina lako akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Acha, mutoto wangu," akasema. "Hii nitaiandika mimi, kwa karatasi."

"Hapana, mama. Ni kazi yangu."

Niliandika jina lako. Niliandika na lake. Sikukosea hata herufi moja, ulinifundisha vizuri. Nikahifadhi, na kihariri chako kikanijibu: *Nimeichunga, mupenzi.* Mama Feza akafunga mlango wa studio ili kilio changu kisiende hewani. Neno lile liliniuma kuliko ndoa yenyewe.

Leo nimelifungua faili la mipangilio. Mstari wako ni mfupi sana. Ningeweza kubadilisha neno moja tu, lakini sikutaka kuitwa kitu kingine. Nikaufuta. Ila unajua kinavyofanya kazi: kihariri husoma mipangilio kinapofunguliwa, na kikiwa wazi bado kinafuata ile ya zamani. Ili ufutike kweli ilibidi nihifadhi, na nikihifadhi, kingeniita tena, mara ya mwisho. Nilikaa na kidole juu ya klavie mpaka jua likahama kwenye paneli. Nilikuwa nakupenda, na sikufichi, bado nakupenda.

Nikahifadhi. Kikaniita.

Nikakifunga, nikakifungua upya, nikaanza barua hii. Nimeihifadhi kila baada ya sentensi, mazoea yana taabu. Chini kinaandika jina la faili na idadi ya mistari, basi. Kazi inaendelea, na kesho kuna matangazo mengine ya kupanga.

Ishi salama na mke wako. Yeye mwite kwa mdomo wako mwenyewe.

Mimi niliyekuwa mchumba wako,
Kasongo