Jina Langu Kwenye Boksi la Risasi

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na hapo Milepa mmeshaandaa mashamba, au bado mnasubiri mvua ya kwanza? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Kazi yangu huku Marekani unaijua: kwenye kambi hii ya wawindaji, mimi ndiye niliyekuwa najaza risasi. Wanawinda elki, mnyama mwenye pembe kama matawi, dume lake ukubwa wa pofu. Kila mteja anataka risasi kubwa kuliko ya mwenzake. Namwambia, mzee, chagua ile ambayo bega lako litaivumilia, elki haanguki kwa kelele. Halafu nakaa mezani, ganda moja moja, naweka fataki ya kuwashia, napima baruti kwenye mizani, nakandamiza kichwa cha risasi. Nikimaliza naandika jina langu kwenye boksi. Boksi lisilo na jina langu bosi haligusi.

Sasa Deusi, mtoto wa shangazi wa kule Matai, ambaye mimi mwenyewe nilimwombea kazi hapa! Siku moja mchana, mimi nikiwa kwa farasi, mteja alitaka risasi haraka. Deusi akaona mizani inamchelewesha. Akamimina baruti kiganjani, kwa kukadiria, kama ulivyotufundisha kwenye gobore lako. Jamani, baruti ya huku siyo ile! Kisha akaandika jina langu. Bunduki ikapasuka mikononi mwa yule mzee, ikamkata vidole viwili.

Bosi aliniwekea boksi mbele ya macho. "Hili si jina lako?" Deusi alikuwa amesimama pale pale, anachezea kofia. Nikaondolewa mezani, na msimu ukiisha nafukuzwa.

Baadaye alinililia zizini, akakiri yote, akaapa atakwenda mwenyewe kumweleza bosi. Nikamsubiri wiki tatu, nikidhani ni woga tu. Kumbe! Jumapili Mama alinipigia akitoka kanisani, kwa huruma yake akasema, "Vumilia mwanangu. Deusi alimpigia baba yako, na baba yako ndiye aliyemwambia anyamaze. Mwenzio ana watoto, wewe bado."

Baba, kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikudhani ni wewe. Deusi alichukua jina langu kwa haraka na kwa woga. Wewe ulikaa, ukafikiri, ukamwambia abaki nalo. Imeniuma kuliko kufukuzwa.

Kesho asubuhi naenda kumweleza bosi kila kitu. Deusi atafukuzwa, na shangazi atakuja kulia hapo kwenu. Mwambie ni mimi niliyesema, sijifichi.

Mama msalimie sana, na usimgombeze kwa kuniambia. Msalimie dada Veronika na mitumba yake mjini Sumbawanga, na bibi mpe pole ya miguu.

Ukiwa na la kunijibu, niandikie mwenyewe. Usimtume Mama.

Bado ni mwanao,
Faustini