Makerere, Si Kyambogo

Bugolobi, Kampala
9 Mei 1976

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Mgongo wake unaendeleaje tangu mvua zianze? Huku sisi wazima. Shangazi Acen anawasalimu sana. Sukari hakuna, na sabuni tunaikata kwa uzi ili kila mtu apate kipande, lakini tunacheka vilevile.

Sasa keti kwanza. Nimeitwa na vyuo viwili. Makerere wamenipa nafasi ya sheria. Kyambogo wamenipa nafasi ya ualimu wa hesabu. Wote wanataka jibu kabla ya mwezi wa sita kwisha. Shangazi anasema wenzangu wanalilia kimoja hawakipati, mimi napewa viwili na bado nakunja uso. Ndiyo, nakunja. Tangu barua hizo zifike siwezi kukaa mahali pamoja. Nazunguka humu ndani mpaka jirani wa chini amegonga dari yake kwa ufagio.

Moyo wangu uko Makerere, nikuambie wazi. Kyambogo naiona kila siku kutoka dirisha la jikoni la Shangazi. Nikienda huko nitakuwa kama niliyetoka nyumbani kwenda kuteka maji tu. Lakini sitaki kujibu bila neno lako. Mpe barua Kamis, yule dereva wa lori la pamba, usiitie posta. Posta siku hizi barua zinasomwa na watu wengi kabla ya mwenyewe.

Mwanao,
Anena


Masindi
23 Mei 1976

Mwanangu Anena,

Salamu zako zimefika. Mama yako mgongo unamtesa, ila mdomo mzima kabisa, Mungu ashukuriwe. Barua yako aliisoma kwa sauti mbele ya wanawake wote wa kambini, kwa Kiswahili chake kile cha Kongo, mpaka nikamnyang'anya. Nami nimefurahi. Usione nanung'unika ukadhani sikufurahi.

Nenda Kyambogo. Mwalimu wa hesabu hana adui. Mbili na mbili ni nne mbele ya raia na mbele ya jenerali. Lakini sheria, mwanangu, unataka kuisomea nini? Mtu hasomei kufuga ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa.

Tena kilima kile cha Makerere kinatazamwa sana. Wanafunzi wakikohoa huko, huku sisi tunaambiwa tufunge kamba za viatu. Mimi ni askari. Nikiambiwa panda gari, napanda, siulizi linakwenda wapi. Sitaki siku moja nishuke nikukute hapo lilipofika.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msalimu Shangazi yako.

Baba yako


Bugolobi
2 Juni 1976

Baba mpendwa,

Natumaini hujambo, na Mama hajambo, na jenereta ya kambi unayoitunza nayo haijambo maana nayo ni mtu wa nyumba hiyo.

Methali yako nimeipokea. Guu langu ulianza kulivunja kwa methali hiyohiyo nikiwa darasa la tatu, na bado natembea.

Baba, sitanii sasa. Walipomchukua Baba Mdogo Obwona, Mama alikwenda ofisi baada ya ofisi, mimi nimemshika sketi. Hapa aliambiwa ngoja, pale aliambiwa huyo hatumjui. Hakuna hata mtu mmoja wa kwetu aliyejua aulize nini, wala amuulize nani. Tukarudi nyumbani tukapika, tukala. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba tulikula. Unasema ng'ombe amekwisha kuchinjwa. Sawa. Mimi nataka niwe mtu anayeweza kuuliza nani alichinja.

Ukisema tena Kyambogo nitakwenda Kyambogo, maana wewe ni baba yangu. Lakini nitakwenda nimenuna, na nitawafundisha watoto wa watu hesabu nikiwa nimenuna mpaka nizeeke. Fikiri juu ya hao watoto.

Mwanao,
Anena


Masindi
20 Juni 1976

Mwanangu Anena,

Mimi mzima, na wewe uwe mzima.

Barua yako nilipoisoma niliikunja, nikaenda kuifungua jenereta ambayo haikuwa na ubovu wowote, nipate cha kushika. Obwona alikuwa mdogo wangu kabla hajawa baba yako mdogo. Usidhani nimesahau.

Panda kilima chako. Nimesema. Soma sheria hiyo, na ukikuta mahali wameificha, uniandikie.

Mama yako nimempeleka kwao Bunia, ng'ambo ya mpaka, akawasalimu ndugu zake. Atakaa huko kidogo. Usiulize kidogo hiyo ni kiasi gani. Nyumba imekuwa kimya, napika ugali wangu mwenyewe na unanishinda. Wengi wa upande wetu, watu wa kabila letu niliokula nao hapa, hawapo tena. Mimi nimebaki kwa sababu hawajapata mwingine anayeielewa mashine hii. Basi naiombea ubovu kidogo kila wiki, usiwe mkubwa.

Usiniandikie mambo ya siasa. Niandikie unakula nini.

Baba yako


Makerere
18 Julai 1976

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kilimani! Nakula maharage. Nimekujibu swali lako.

Nalala chumba kimoja na Alal, msichana wa Kitgum, mpole, anaogopa panya kuliko mitihani. Walimu wengine wameondoka nchini, kwa hiyo darasa moja linafundishwa na mtu wa darasa jingine, na vitabu tunapokezana ukurasa ukiwa bado una joto la mkono wa mwenzako. Sijali. Asubuhi naamka kabla ya wote. Miguu yenyewe inataka kwenda. Wananicheka Kiswahili changu, wanasema nazungumza kama bawabu wa kambi. Nawaambia ndiko nilikozaliwa.

Watu hapa wanaongea, Baba, halafu mgeni akiingia wote wanaanza kuzungumzia mvua. Nimekutii, sisemi zaidi.

Mbona kimya? Kamis amekuja tena mikono mitupu. Kama umekasirika, andika hivyo, hata hasira naipokea.

Mwanao,
Anena


Makerere
8 Agosti 1976

Baba mpendwa,

Kabla ya yote: mimi mzima. Usisome kwa haraka, mimi mzima kabisa.

Utakuwa umesikia. Wanafunzi walikuwa wamekusanyika, nami sikuwa mbali nao, na askari wakapanda kilimani. Waliingia mabwenini saa ya chakula. Sisi wasichana tulitolewa nje, tukapigishwa magoti kwenye kokoto, tukaambiwa tutambae. Alal aliulizwa kitu akajibu kwa Kiingereza, maskini, ndicho kilichomjia. Akapigwa teke la ubavu. Wakasema anawatukana.

Halafu mmoja akanisimamia mimi. "We mtoto ya nani?"

Unakumbuka tulivyofundishwa kambini? Mtoto wa askari, hata hajajua kunawa uso, anajua kutaja jina la baba, cheo na kambi, ili akipotea arudishwe. Baba, mdomo ulijibu kabla yangu mwenyewe. "Mtoto wa Sajini Okullo, fundi wa jenereta, Masindi!" Hata mikono niliinyoosha ubavuni, nikiwa nimepiga magoti.

Yule askari akamtazama mwenzake, akacheka. "Okullo ya jenereta? Sasa kwa nini ulinyamaza? Simama. Chukua hawa dada yako, muende ndani."

Nikasimama nikawataja wasichana wote wa ghorofa yetu kuwa ni dada zangu. Wote wakaingia ndani pamoja nami. Ni jina lako lililotutoa! Alal, ubavu umefungwa kitambaa, anasema akipona atakuja kukupikia huo ugali unaokushinda. Mkubwa wao aliniuliza jina lako mara ya pili, nikalirudia polepole, vizuri, asije akalikosea.

Nimejivuna, Baba.

Mwanao,
Anena


Masindi
21 Agosti 1976

Mwanangu Anena,

Mimi mzima. Pale ulipoandika kwamba wewe ni mzima nilipasoma na kupasoma kabla ya kuendelea mbele. Mwambie huyo Alal aukande ubavu wake kwa maji ya moto na chumvi.

Ulijibu kama nilivyokufundisha. Ungejibu vingine ningesema si mwanangu. Kosa ni langu, kwa kuwa kuna jambo sikukuambia.

Mwezi uliopita tulipangwa mstari, tukaulizwa mmoja mmoja nani ana mtoto Makerere. Mtu wa upande wetu akisema ndiyo, wanasema huyo ndiye anayepeleka maneno ya kambi kwa wanafunzi. Nikasema ninaye binti Kampala, yuko Kyambogo, anasomea ualimu. Lilitoka kinywani kwa urahisi maana ndilo nililokuwa nimelitaka. Sikukuandikia kwa sababu nakujua. Ungefunga mzigo siku hiyohiyo.

Sasa jina langu limewafikia wakubwa kutoka huko kilimani. Wameniita. Nimesema labda ni Okullo mwingine, Okullo ni wengi. Wanasema watatuma mtu Kyambogo kutazama kama upo.

Wewe usifanye lolote. Soma. Mimi nitatafuta la kusema.

Baba yako


Kyambogo
28 Agosti 1976

Baba mpendwa,

Hujambo? Niambie hujambo. Mimi nipo, nimeketi kwenye kitanda cha chuma kisicho na godoro, na ninakuandikia kutoka Kyambogo.

Ndiyo, unanijua. Barua yako niliipata jana, leo asubuhi nimefunga mzigo. Huku nafasi yangu ilikuwa haijachukuliwa. Wasichana wa hesabu ni wachache. Mwalimu mmoja, mtu mzima, alinitazama nilivyovimba macho, akanionyesha dawati na kusema wenzangu wamefika sura ya pili. Jina langu limeandikwa daftarini, na wanafunzi wenzangu wameniona. Waje sasa. Wakija watanikuta, na ulilolisema litakuwa kweli.

Na kilimani wasikute alama yangu. Nimemwambia Alal, akiulizwa, aseme hakuna Anena wa Okullo hapo wala hajapata kuwapo. Ameapa.

Usinionee huruma. Nimelia kutoka mlango wa Makerere hadi hapa, watu njiani wakadhani nimefiwa. Sheria bado naitaka, naitaka mpaka meno yananiuma. Lakini nitaisoma hata nikiwa bibi. Baba ninaye mmoja.

Mwanao,
Anena


Masindi
27 Agosti 1976

Mwanangu Anena, Makerere,

Salamu. Usiku huu nimekula vizuri, na nitakuambia kwa nini.

Nimechoka kutafuta la kusema. Leo nimekwenda mwenyewe kwa mkubwa, kabla hajatuma mtu wake Kyambogo. Nikamwambia: binti yangu yuko Makerere, anasoma sheria, niliogopa ndiyo maana nikasema uongo. Mungu anisamehe, niliposema "anasoma sheria" nilisikia raha.

Akasema mwoga anasameheka, anayemficha mtu hasameheki. Jumatatu tutakuja wote kwa gari. Anataka akuone kwa macho yake, uko chumbani na vitabu vyako, hukutorokea Nairobi na maneno ya kambi. Akikuona, yamekwisha. Amesema hivyo, na mimi nimeamua kumwamini kwa sababu sina mwingine wa kumwamini.

Kwa hiyo, nakuomba, usitoke. Usiende kwa Shangazi, usiende sokoni Kisenyi kununua hata sindano. Kaa bwenini Jumatatu nzima. Ukiniona usikimbie kunikumbatia. Simama tu, jibu utakaloulizwa. Tutakumbatiana siku nyingine.

Nina hamu ya kukiona hicho chumba.

Baba yako


Kyambogo
2 Septemba 1976

Baba,

Sina salamu. Uko wapi?

Barua yako Kamis aliifikisha Makerere Jumamosi jioni. Mimi nilikuwa nimeondoka asubuhi. Ilikaa kwa bawabu wa bweni mpaka leo, Alal alipoiona akanikimbizia huku, bado anashika ubavu.

Ameniambia yote. Jumatatu gari lilikuja. Akashuka mtu mwenye mvi, sare haina mkanda, akasimama chini ya ngazi akaita Anena. Akaita tena. Alal alitoka akasema hakuna mtu wa jina hilo hapa, hajapata kuwapo. Mkubwa akamuuliza mara nyingine, naye akaapa kwa Bikira Maria, maana alikuwa ameniapia mimi. Anasema hukubisha. Ulimtazama ubavu wake uliofungwa, ukasema, "Asante, binti," ukarudi garini mwenyewe bila kushikwa.

Hakujua ni wewe. Sasa anajua, na analia hapa kitandani kwangu, na ni mimi niliyemfundisha la kusema.

Nimekwenda kilimani, nimewaambia nipo, nilikuwa hapa, niandikeni tena. Kitanda changu kina mtu mwingine. Nimekwenda kwa Shangazi, amefunga mlango akanisemesha kupitia tundu. Siwezi kukaa, Baba, siwezi kulala, nikikaa nasikia unaita chini ya ngazi. Kesho napanda basi kuja Masindi.

Kamis amekataa kuichukua barua hii. Anasema huko kambini hakuna anayepokea kitu kwa jina lako. Basi naitia posta, kwa anwani ileile, na najua itafunguliwa. Atakayeifungua asome vizuri: Sajini Okullo alisema kweli. Binti yake alikuwa Makerere, si Kyambogo. Mimi ndiye, na naja kusema kwa mdomo wangu.

Mwanao,
Anena