Punje Chini ya Ulimi

Msasani, Tukuyu, 4 Machi

Ndiyo dada, yule nguruwe dume uliyeniuzia alikuwa na punje. Si nilimvuta ulimi mwenyewe hapo Kisiba, nikazipapasa kama mchele? Ndiyo maana nilishusha bei. Halafu shikamoo, nimekimbilia jibu nikasahau adabu. Ugonile? Sisi wazima. Nyama iliyojaa punje siuzi, naionja jikoni nusu mbichi, tamu balaa! Mke wangu Tulia anasema kaolewa na nguruwe.

Mdogo wako, Ezron

Kisiba, 19 Machi

Marahaba mdogo wangu. Tupo, mvua haitupi nafasi. Usicheke. Bwana mifugo kapita. Kasema nguruwe wanapata punje kwa kula choo cha watu huko migombani, na anayekula nyama hiyo haijaiva anapata tegu. Nimewafungia bandani, shemeji yako anachimba choo. Wewe unanawa? Kachumbari ya wateja wako anakata nani?

Dada yako, Tupokigwe

Msasani, 2 Juni

Shikamoo dada. Kimya changu usikichukie. Kachumbari nakata mimi, vidole hivi hivi, wateja wanaisifu. Tegu ninaye tangu mwaka juzi, natoa vipande kama tambi. Namwita mpangaji, anakula kabla yangu. Ila juzi nilianguka jikoni, nikazinduka nimemwagiwa maji, mkono umeungua. Wanasema kifafa. Wengine eti kaniloga mshindani wangu, muuza kuku. Kuku!

Mdogo wako, Ezron

Kisiba, 5 Juni

Ezron, salamu baadaye. Kesho uende hospitali. Usipoenda nakuja na fimbo.

Dada yako

Msasani, 23 Juni

Shikamoo dada. Weka fimbo chini, nimekwenda. Mbeya wamenipiga picha ya kichwa. Punje zimo humo, dada, kama za dume. Dawa nameza. Daktari kasema za kichwani hazikutoka kwenye nyama, zimetoka kwenye mayai ya tegu wangu mwenyewe, kwa mikono isiyonawa. Akauliza, nani mwingine anakula mkononi mwako? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jiko nimezima.

Jana Tulia alikuwa anasonga ugali, mara akaganda, mdomo ukaenda upande, mwiko ukaanguka. Nikamwita mara tatu. Alipozinduka akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia moshi.

Sasa sikia, tufanye biashara. Mimi nikimwambia nitaweka utani, najijua. Njoo Jumamosi umwambie wewe, umpeleke akapimwe. Huyo mmoja tu. Mimi nitapita mlango kwa mlango, niwaambie wote waliobaki waliokula kwangu, Msasani nzima. Umekubali?

Mdogo wako, Ezron