Mita Mia Saba za Wamaza

Wamaza, Jumatano, baada ya Alasiri

Kwako yaya Aziza, dada yangu mkubwa,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kasongo, wewe na binti yako Djamila, na kwamba kikohozi cha mtoto kimekwisha kwa ile asali niliyowaletea. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua zaidi tangu mvua zianze, na kila siku anauliza zimebaki siku ngapi kufika Jumamosi. Kabla sijaendelea nakuomba jambo moja: usipande ile ndege ya mume wako kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Usiitupe katikati kwa sababu namsema Souleymane. Nitamsema, maana ni shemeji yangu na kumsema ni haki yangu, lakini mwishoni kuna neno la kwako.

Yaya, mume wako amenichosha. Mtu aliyeachia shule darasa la sita, ambaye mimi nilikuwa namfanyia hesabu za kugawanya ili asichapwe, leo ananiletea karatasi mbili za maswali kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake. Alipouza dhahabu yake na kupotelea Lubumbashi mwaka mzima, huku tulidhani ameoa mke wa pili. Kumbe alikuwa anajifunza kurusha ndege. Unisamehe, lakini heri angeoa. Mke wa pili walau hutembea ardhini.

Nilipokuja kwenu siku ya Idi nilijionea mwenyewe. Wageni wanangoja pilau, yeye ametandaza ramani mezani, ana rula, ana kalamu ya risasi, anachora mstari kutoka Kasongo hadi kwetu Wamaza, kutoka hapa hadi Kalemie, na kutoka Kalemie hadi Lubumbashi. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba hajawahi kuruka safari ndefu kiasi hicho, kwa hiyo anaikata vipande, na kila kipande kina dakika zake, vilima vyake, na mto wa kutazama chini ili ajue kama amepotea. Nikamwambia kwamba Katembo, yule Munande anayenunua dhahabu huku, anafika Wamaza kwa pikipiki kila wiki bila rula, na hajapotea hata siku moja. Wageni walicheka sana. Yeye akaendelea kuchonga kalamu yake.

Kisha akaja kwenye mafuta. Anahesabu ya kufika, anaongeza ya kurudi asipoweza kutua, halafu anaongeza tena ya saa nzima ambayo haina safari. Nikamuuliza hayo ya mwisho ni ya nini. Akajibu kwamba ni ya lile jambo ambalo hakulifikiria. Mimi nikayaita mafuta ya woga, na nasikia jina hilo limefika mpaka sokoni. Akasema pia kwamba kama saa nne asubuhi mawingu bado yamelalia vilima, atageuza arudi Kasongo, hata kama Mama ameshavaa na anangoja. Mwanaume mzima anapanga kushindwa kabla hajaondoka, na saa ya kushindwa anaiandika.

La mzani ndilo lililonikera kuliko yote. Wewe, binti wa watu, ulikubali kusimama juu ya mzani wa mchele dukani kwenu, kisha Djamila, kisha masanduku, na yeye anaandika. Halafu akataka uzito wa Mama, kwa kuwa mtampitia hapa kumpeleka Lubumbashi kwa daktari wa mifupa. Mkwe haulizi uzito wa mama mkwe wake. Hilo hata Souleymane analijua, ndiyo maana alimtuma Katembo aje aniambie mimi nimuulize. Nikamuuliza. Mama alinitazama, akasema, "Mie siko gunia ya muchele. Umuambie anipakie vile Mungu aliniumba." Lakini kesho yake asubuhi alijikokota peke yake hadi kwa jirani yetu Anastasie, anayeuza karanga, akapanda mzani wake. Akarudi akaniamuru niandike themanini na mbili na nisimwambie mtu mwingine yeyote.

Zile karatasi mbili, karibu zote zilihusu kiwanja cha ndege. Unakijua, kile cha zamani cha kampuni ya pamba, alichokuwa akikilinda marehemu baba. Souleymane alitaka nikitembee toka mwanzo hadi mwisho nikihesabu hatua, tena hatua yangu niipime kwanza kwa mita ya fundi. Alitaka nikanyage udongo siku ya pili baada ya mvua nione kama unazama. Alitaka kujua miti ya mwishoni ina urefu gani, na asubuhi moshi wa majikoni unalalia upande upi. Akaandika na hili: ikiwa kiwanja hakifai, niweke vitambaa viwili vyeupe katikati, kimoja juu ya kingine kama msalaba, ataviona toka juu na hatatua. Wakati wa mapumziko niliwasomea karatasi hiyo walimu wenzangu. Tulicheka hadi mkurugenzi wa shule, Gédéon, akatoka ofisini kuuliza nani amekufa.

Nikamjibu kwa mkono wa Katembo: mita mia saba, udongo mgumu, miti hakuna. Wiki iliyofuata Katembo akarudi na swali lingine moja tu, kama nimetembea mwenyewe. Yaya, nilikasirika. Mimi ninayefundisha hesabu mwaka wa kumi na tisa huu, niulizwe na yule. Nikamwambia Katembo akamjibu kwamba nimetembea mara mbili.

Sikutembea. Sikwenda kabisa. Mia saba ndiyo hesabu aliyokuwa akiitaja baba tulipokuwa watoto, nami nikasema ardhi si kitambaa, haipungui kwa kufuliwa.

Jana Mama alitaka akaone mahali atakapopandia, asije akaaibika mbele za watu siku yenyewe. Tulikwenda polepole kwa ajili ya magoti. Katikati ya kiwanja tulikuta muhogo, umenifika kifuani. Ni wa Anastasie, analima pale mwaka wa nne, na hakuna aliyewahi kumkataza kwa kuwa hakuna aliyewahi kutua. Nyuma ya muhogo mvua imechimba korongo. Niliingia, likanifika kiunoni. Nikarudi mwanzo nikahesabu hatua mpaka kwenye muhogo. Ni mia tatu na ishirini, na unajua miguu yangu ilivyo mifupi.

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe. Akaniuliza ni ngapi, nikamwambia. Akaniuliza nilimwambia Souleymane ngapi. Nikamwambia na hilo. Tulipofika nyumbani alifungua sanduku lake, akatoa kile kitambaa cheupe alichojiwekea kwa sanda yake, akakipasua vipande viwili na kunipa. Niliviweka jioni ile ile, nikavikandamiza kwa mawe, watu wakinitazama. Lakini mvua inanyesha kila siku, na matope yanaweza kuvifunika kabla ya Jumamosi. Mtandao wa simu hatuna, na betri ya phonie, ile redio ya mawasiliano ya kituo cha afya, imekufa. Ndiyo maana nakuandikia. Katembo ameniapia kwamba atakufikia Ijumaa.

Nilipomwomba anichukulie barua hii nilimuuliza kama Souleymane amemaliza zile karatasi zake. Akasema amemaliza, na kwamba alimwonyesha. Kila mahali ameandika habari imetoka wapi na amehakikisha kwa nani. Kwa Kalemie kuna majina ya watu watatu, na nambari zao za simu. Kwa Lubumbashi kuna zaidi. Kwa Wamaza kuna mstari mmoja: "Mwalimu Atumani, shemeji. Ametembea mwenyewe." Katembo alinisomea maneno hayo kama habari njema.

Naona aibu, yaya, na naogopa. Wewe na Djamila mngekuwa ndani. Sina cha kujitetea: nilimdharau mtu kwa kuwa alikuwa anauliza. Mpe Souleymane barua hii aisome yote, pamoja na niliyomsema juu. Usinifichie hata mstari mmoja.

Mama anasema hatasubiri kiwanja kitengenezwe. Katembo atageuza, atamchukua Jumapili, naye Mama atakuja kwenu nyuma ya pikipiki, siku mbili kwa magoti yale, ili apandie huko. Nilimsihi asubiri. Alinijibu kwamba yule mkwe wake anajua uzito wake, basi atamwamini.

Wasalimie jirani zenu wote. Mbusu Djamila, na usimwambie sababu. Mungu awalinde, na aniwezeshe kukutazama usoni tukionana. Mwambie Souleymane achukue ile kalamu yake, afute jina langu.

Ni mimi mdogo wako,

Atumani